Karatasi ya Jumanne

Kwanza naipima ikiwa nyeupe.
Mviringo mdogo, mwepesi kuliko bawa la nondo.
Naushika kwa kibano; kuugusa ni mwiko,
hata jasho la kidole lina uzito hapa.
Kisha hupelekwa juu ya paa la zahanati,
ndani ya mtambo uvutao hewa mchana kutwa, usiku kucha,
kadiri wavutavyo watu wawili.
Kesho yake hunirudia.
Ya Jumanne ilirudi na rangi ya kitako cha chungu.

Coyhaique imekaa bondeni kama uji bakulini.
Ikifika Juni baridi hulala chini, nzito,
hewa yenye vuguvugu ikaja kuikalia juu, kifuniko,
na majiko yote ya mji yakapumulia humo humo.
Pafukapo moshi pana moto, ndivyo isemwavyo.
Kweli. Na penye moto pana ajuza mwenye miguu ya barafu,
pana mtoto anayekausha soksi,
pana sisi.

Chukua unywele mmoja, uupasue mara thelathini:
hapo ndipo utakuwa umekaribia.
Pua haizijui chembe hizi, koo haliziulizi,
hazipigi hodi mapafuni.
Zinapita hadi damuni
kama mtu aliyepewa ufunguo na mwenye nyumba.
Daktari huandika: moyo.
Huandika: kiharusi. Huandika: pumu, miaka minne.
Hajawahi kuandika: Jumanne.

Baba yangu, Nolberto, anauza kuni.
Mti wenyewe huku unaitwa lenga,
nao ukichomwa mbichi
haukosi shabaha.

Nilimwambia jikoni, tunakula.
Miligramu nne na nukta nane, baba, usiku mmoja.
Akanyoosha kiganja: "Niwekee nizione."
Hazifiki punje mbili za ufuta, nikamwambia.
Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi,
na kikohozi kikakaa kitako,
tukakisubiri wote wawili, vijiko mkononi,
kama tunavyomsubiri jirani amalize hadithi ndefu.

Hakusema kitu tena. Lakini asubuhi
nilimsikia nyuma ya nyumba akipasua magogo,
akiyapanga kwa nafasi, ili upepo upite,
akatandika bati juu, akaweka jiwe juu ya bati,
akachukua chaki ya mdogo wangu
akaandika kwenye gogo la mbele: MWAKANI.

Kuni zinataka mwaka mzima kukauka.
Baridi haitaki kusubiri hata saa moja.
Nani atalipa mkate wa katikati hapo?
Waliotuletea vipeperushi vya kurasa nne, vya rangi,
hawakuandika.
(Tulivisoma vizuri. Vilifaa kuwashia jiko.)

Alhamisi usiku, digrii kumi na mbili chini ya sifuri,
mlango ukagongwa. Doña Eduvina, shali kichwani,
mjukuu wake Ismael amefungwa mgongoni kwa blanketi,
ana filimbi ndogo kifuani, ilisikika kabla ya salamu.
"Nolberto, jiko limezima. Nipe chochote."

Baba alilitazama rundo lenye chaki.
Akalitazama lile lingine, bichi, lililokuwa likitoa maji.
Akanitazama mimi, mpimaji, mtoto aliyemsomesha
kwa mikokoteni ya kuni hizo hizo.

Nilitaka kuwa na jibu.
Nikaenda nikachukua toroli.

Tulimpa mbichi, maana kavu hatukuwa nayo;
tukamwambia afungue tundu la hewa, asizibe jiko ili lifuke usiku kucha,
tukamwambia amlaze mtoto chumba cha mbali,
naye akaitikia ndiyo, ndiyo,
mtu mwenye chumba kimoja.

Leo Ijumaa. Nimevaa glavu, nimefunga mlango,
nasubiri mizani itulie.
Karatasi ni nyeusi kuliko ya Jumanne.
Naandika nambari, desimali zote,
na pembeni, mahali pasipotakiwa kuandikwa kitu,
kwa penseli, kwa herufi ndogo:
humu umo mlango wetu.